Kamera ya msasi kwenye shamba la mjomba

Saa nane kasorobo usiku simu yangu ililia mlio nilioutengea kitu kimoja tu. Nilikuwa nimelala nyumbani, Likoni. Kwenye kioo ilitokea picha ya kijivu: mguu mnene kama shina la mnazi, na pembeni yake ncha ya mkonga imeshika bua la hindi. Nikampigia mjomba wangu, Kwale. Hakupokea. Nikapiga tena.

"Mjomba, wako upande wa mwembe."

"Haya, nimesikia."

Akaamsha majirani, wakapiga madebe na kumulika tochi kutoka mbali, kwa sababu ndovu wa usiku hasogelewi. Asubuhi alinihesabia hasara kwa simu: safu moja nzima na nusu ya pili. Msimu uliotangulia walikula shamba lote, yeye yuko ndani amelala na asijue lolote mpaka jua lilipochomoza.

Kazi yangu ni kufunga kamera za usalama kwenye maduka na majumba hapa Mombasa, kwa hiyo kamera si kitu kigeni kwangu. Hii ya mwembeni ni jamii nyingine. Ni kisanduku kinachotosha kushikwa kwa mikono miwili, kimepakwa rangi za majani na magome, na hufungwa mtini kwa mkanda. Ndani yake mna kihisi kinachongojea joto linalotembea. Joto likipita mbele yake kamera huamka, hupiga picha, huihifadhi kwenye kadi, kisha kwa laini ya simu iliyomo ndani hutuma nakala ndogo hadi kwenye programu ya simu yako. Kutoka mnyama apite hadi uone picha huweza kuwa nusu dakika, huweza kuwa dakika kadhaa, ikitegemea mnara uko umbali gani.

Zilitengenezwa kwa ajili ya wasasi wa Marekani, na ndio wanaozinunua kwa wingi. Mtu anakaa mjini, kamera zake ziko msituni, na simu inamwambia kulungu mwenye pembe kubwa anapita wapi na saa ngapi. Kwetu Kenya usasi ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa Pwani anaweza kudhani habari hii haimhusu. Inamhusu sana.

Angalia mabishano yaliyotokea huko kwenyewe. Jimbo la Arizona lilikataza kamera hizi zote katika usasi kuanzia Januari 2022. Arizona ni nchi kavu, mabwawa ya maji ni machache, na mengi yalikuwa yamezungukwa na kamera za watu. Nevada na Utah nazo zina miezi ambayo haziruhusiwi. Lililonigusa zaidi ni la wasasi wenyewe. Boone and Crockett, klabu yao kongwe iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wenzake, haiandiki kwenye daftari lake la heshima mnyama aliyeuliwa kwa kufuatwa na picha iliyomfikia msasi papo hapo. Wanasema mnyama lazima abaki na nafasi ya kuponyoka.

Na Roosevelt huyo huyo ndiye aliyeshuka kwenye bandari yetu Aprili 1909, akapanda reli kwenda bara, na kwenye safari ile yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512. Tena bila simu. Nikifikiria idadi hiyo, kisha nikafikiria kisanduku kile mwembeni, naona wazi kwa nini wajukuu zake katika usasi wameogopa.

Ninachoamini mimi ni hiki: katika kamera hii kasi ndiyo jambo lenyewe. Picha si ngeni. Mwaka 2005 kamera za watafiti kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, zilimnasa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua, na mwaka 2008 akapewa jina rasmi. Zile zilihifadhi picha ndani yake, mtu akaenda kuzichukua baadaye. Ucheleweshaji ule haukumdhuru mtafiti, na ulimlinda sange, maana picha ya majuma matatu yaliyopita haimwambii mwenye tanzi mnyama yuko wapi sasa hivi. Kamera yenye laini inamwambia. Mkononi mwa mkulima, dakika hiyo moja ni mahindi ya watoto. Mkononi mwa jangili, dakika hiyo hiyo ni palahala, swala mkubwa wa pembe ndefu, amekufa, na hifadhi ya Shimba Hills hapo Kwale ndiyo mahali pekee Kenya ambapo palahala wamebaki.

Ndiyo maana nasema bila kusita: nazitaka kamera hizi kwenye mashamba ya Kwale, zikitazama mpaka wa shamba. Sizitaki mikononi mwa watu binafsi zikitazama vijia vya wanyama ndani ya msitu. Na ukipata picha nzuri, usiirushe mtandaoni pamoja na jina la mahali.

Sasa niseme la watu, kwa sababu hapa nilikosea mwenyewe. Kamera ya pili niliifunga kwenye mkorosho karibu na njia ya kisimani. Nilidhani nguruwe mwitu hupita pale. Kwa siku nne nilipata nguruwe mara moja, na kina mama mara nyingi mno: ndoo kichwani, kanga imefungwa kifuani, mmoja ameketi chini anamnyonyesha mtoto. Hakuna hata mmoja niliyemwomba ruhusa. Jumamosi nilipokwenda, mama mmoja jirani alinisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kile kidude chaangalia ndovu ama chatuangalia sisi?"

Nilikosa jibu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na mtego huu wangu ulikuwa umewanasa wasiokuwemo watupu. Baadaye nikasoma kuhusu msitu wa Corbett, India, ambako watafiti walieleza mwaka 2024 jinsi kamera za wanyama zilivyowabadilisha wanawake waendao kuokota kuni. Picha ya mmoja wao akiwa katika haja ilisambazwa na wanaume. Wengine, kwa kujua wanatazamwa, wakapunguza kuimba na kuongea kwa sauti msituni, ilhali sauti zile ndizo zilizokuwa zikimpa chui milia habari kwamba watu wanakuja. Kwetu vilevile mtu huimba au hukohoa akipita kichakani alfajiri. Sheria ya ulinzi wa data tunayo tangu 2019, lakini mama yule hakuhitaji sheria kujua kwamba nimemkosea.

Kwa anayetaka kununua, machache niliyojifunza kwa gharama. Uliza kwanza kama kamera inakubali laini za hapa. Ya kwanza niliiagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ikaja imefungwa kwa mtandao wa Marekani, na pesa sikurudishiwa. Ukiwa mahali mnara ni dhaifu, betri huisha haraka kwa sababu kamera inahangaika kutafuta mtandao. Paneli ndogo ya sola inasaidia. Kata majani yote yaliyo mbele yake. Usiku wangu wa kwanza bando liliishia kwenye picha za mgomba unaopepea. Mchana wa Februari na Machi usitegemee mengi, maana hewa yetu inakaribia joto la mwili na kihisi hakioni tofauti. Na kwa taa ya kupigia picha gizani, chagua ile ya mwanga wa nanomita 940, usioonekana kwa macho. Ya 850 hufika mbali zaidi gizani, lakini hutoa wekundu mdogo ambao mwizi huuona.

Kamera peke yake haimfukuzi ndovu. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki, na ndovu huwaogopa nyuki kwelikweli. Mjomba ameanza kuuliza bei ya mizinga.

Kamera ya mkorosho niliing'oa siku ile ile, mama yule akinitazama, na picha zote za njiani nikazifuta mbele yake, moja baada ya nyingine. Ilichukua muda. Alishika simu yangu mwenyewe, akazipitia mpaka ya mwisho, akanirudishia. Kisha akanionyesha kwa kidole pengo kwenye ua wa miiba, nyuma ya shamba lake, ambapo nguruwe ndipo wanapoingilia. Jumamosi hii naenda na mkanda mpya.