Hatukwenda Posa Tumelewa

Kwanza kabisa: hatukulewa. Natanguliza hilo kwa sababu rafiki yangu mmoja, aliyekuwa akitufuata na pikipiki, keshawaambia watu kuanzia Shela mpaka Maweni kwamba ujumbe wa posa yangu uliingia Mambrui ukinuka tembo la mnazi. Harufu ilikuwepo, sikatai. Lakini ngojeni niwape kisa chenyewe.

Mnaonifuata mwamjua kobe wangu, ile Volkswagen ya injini ya sisi 1600. Injini iko nyuma, rejeta hana, hupozwa na feni. Sehemu ya hewa ya feni hupitishwa kwenye viboksi vya hita vinavyolizunguka bomba la ekzosi, ikapata moto, ikapita chini ya milango hadi miguuni mwa abiria. Wajerumani walikuwa na baridi yao. Sisi Malindi twalala madirisha wazi na bado twaamka tumelowa jasho.

Sasa chumvi ya bahari ilikuwa imekula viboksi vyangu, moshi wa ekzosi ukawa waingia ndani. Na moshi ule si wa kuchezea, ile sumu yake haina hata harufu, unasinzia tu ukaondoka. Fundi akaniambia, "Ng'oa, nikuwekee bomba tupu. Nani ataka hita hapa?" Wapi! Gari ambayo nduguye alishinda Safari Rally 1962, mimi niikate viungo? Haya basi, nikaanza kutafuta hita nyingine. Za Kombi ya 1700 hazikai, injini ni nyingine kabisa. Za kabla ya 1963 hazina mdomo wa kupokea mpira wa hewa kutoka kwa feni. Mwishowe nikaletewa jozi mpya kutoka Nairobi, nyeusi tititi, zikakubali boliti kwa boliti. Nilizibeba kama pacha waliozaliwa leo. (Ndiyo, picha nilizirusha hapa. Ndiyo, mlicheka.)

Fundi akasema rangi mpya hutoa moshi ikipata moto mara ya kwanza, kwa hivyo nilizungushe gari kidogo kabla ya kupakia watu. Nikalizungusha: hadi kwa shangazi. Ila hakuniambia kwamba vile vilango vya kuzuia hewa, pande zote mbili, vimekwama wazi.

Mwezi wa tatu, saa nane mchana. Ami mbele na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, shangazi wawili nyuma na buibui zao. Buti, ambayo kwa kobe iko mbele, ina sinia la halwa, doti za kanga na marashi. Tukaingia daraja la Sabaki.

Ami akainua mguu mmoja. Akaushusha. Akainua wa pili.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "gari hii ina jiko?"

"Ni hita, ami."

"Hita ya nini?"

Jibu sikuwa nalo, na sina hadi leo. Kwenye kioo nikaona wanja wa shangazi mdogo umefika mashavuni. Kisha moshi. Mwembamba, mweupe, ukachomoza miguuni mwa ami, ukaingia ndani ya kanzu, ukatokea shingoni. Wallahi, shingoni! Shangazi mkubwa akaanza kutoa shahada. Nikasimama katikati ya daraja.

"Moto! Moto!"

Kijana wa boda akaruka kutoka kwenye pikipiki na jerikeni la lita 20. "Rejeta iko wapi?" Nikamwambia haina. Akanitazama kwa huruma, akakimbilia mbele, maana gari injini yake iko mbele, hata mtoto ajua. Boneti yangu kufuli ilikufa zamani, naifunga kwa kamba. Akaikata. Akalipandisha jerikeni begani. Nilikuwa na nafasi ya kusema "hapana". Iliyotoka ni "ha". Mnazi ukashuka taratibu, gluku, gluku, gluku, juu ya halwa, juu ya kanga, juu ya marashi. Povu likapanda mpaka kwenye kioo. Wakati huo mimi nilikuwa nimezima injini, na moshi ukakatika.

"Umezimika!" akapiga kelele. Daraja zima likampigia makofi.

Kisha akataka pesa za mnazi wake. Mfukoni nilikuwa na za mafuta tu. Aliyelipa, hadharani, na kofia yake ya viua kichwani, anamhesabia mwenye mnazi noti moja moja, ni ami. Na hapo ndipo rafiki yangu alipofika.

Tulikwenda. Tukanuswa. Tukapewa sharubati. Jibu wamesema watalituma.

Mnaouliza, ndiyo, nimewekewa bomba tupu. Hita zauzwa, jozi, za 1600, rangi ishaungua yote. Kijana wa boda asinipigie tena simu, jerikeni lake analo fundi.