Breki za Datsun 240Z: uzibadili au uziache zilivyotoka kiwandani?

Weka wenye Datsun 240Z wawili, ile gari ya michezo ya Nissan ya miaka ya 70, meza moja alafu taja breki, chai yao itapoa. Wa kwanza atakwambia gari ya 1970 haiwezi kuishi kwenye barabara za leo ambapo kila kagari kadogo kaliko mbele yako kana ABS (mfumo unaozuia tairi kujamu) na kanasimama papo hapo, we funga kalipa (kile kifaa kinachobana diski) za pistoni nne mbele, diski nyuma, ulale usingizi. Wa pili anakuja juu: mbona Herrmann na Schüller walishinda mbio za Safari Rally 1971 na gari hiyohiyo, mbona Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaichukua tena 1973, au walikuwa hawafungi breki? Hoja tamu ila ina tundu, zile zilikuwa gari za kiwanda, zimeandaliwa kwa kazi ile na mafundi wanazisubiri njiani na spea mkononi, sio gari iliyolala bandani miaka kibao na mafuta yaleyale ya breki.

Tuanze na kilichopo. Mbele una diski pana kama milimita 271, zile za bamba moja zisizo na njia za hewa katikati, na kalipa za Sumitomo za pistoni mbili. Nyuma ni dramu za inchi 9, tena za aluminiamu zenye mapezi ya kupozea kwa nje, chuma kiko ndani tu pale lainingi (vipande vya msuguano vya dramu) zinaposugua. Gari yenyewe ni nyepesi, tani moja na kidogo. Kwa uzito huo sio breki mbaya hata kidogo na hapa ndo naanza kupishana na yule wa kwanza, maana wengi wanachokilalamikia sio breki za Datsun, ni breki za Datsun zilizochoka. Pistoni moja imeganda kwa kutu kwahiyo gari inavuta upande, mipira ya kupitishia mafuta ya breki imevimba kwa ndani, silinda za nyuma zinavuja kidogokidogo zinalowesha lainingi, busta (inayousaidia mguu kukanyaga) inapitisha upepo, pedali inazama nusu kabla haijashika kitu. Alafu mtu anaagiza seti nzima ya kisasa kutoka Marekani, fundi anabadilisha kila kitu kwa mpigo, gari inasimama vizuri, jamaa anasifia kalipa. Kaka, ulichonunua ni mipira mipya na mafuta mapya!

Kipimo cha bure kipo. Tafuta sehemu tupu na salama, tembea kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa nguvu zote. Kama tairi za mbele zinajamu, yaani zinaacha kuzunguka gari ikiwa bado inakwenda, basi breki zako zina nguvu kuliko tairi zinavyoweza kushika lami, na kalipa kubwa zaidi haitakupunguzia hata mita moja pale. Gari hizi zilitoka na tairi nyembamba za 175 kwenye rimu ya inchi 14. Tairi mpya nzuri ya leo, hata ya saizi ileile au kubwa kidogo, itakupa kusimama kwa karibu zaidi kuliko pistoni za ziada. Watu hawapendi kusikia hii sababu tairi haina cha kuonyesha ukipiga picha.

Lakini sitaki kumuonea wa kwanza, ana hoja yake moja nzito sana: joto. Breki moja ya ghafla haimsumbui mtu, shida ni breki ya kumi. Gari ya kilo 1,100 ikitoka kilomita 100 kwa saa mpaka sifuri inamwaga nishati kama kilojuli 420 na nyingi inaenda kwenye diski mbili za mbele. Tuseme kila diski ina kilo tano za chuma, na mbele inapokea robo tatu ya nishati hiyo, nusu kwa kila diski, hapo joto linapanda kama nyuzi 70 kwa kusimama mara moja. Ukitoka 160 ni mara mbili na nusu ya hiyo. Mteremko ndo mbaya zaidi, kushuka kimo cha mita 500, mfano kwenye milima kama Kitonga au kule Mai Mahiu, kuna nishati sawa na kusimama kutoka 100 mara 12 au 13 hivi, na kama hutumii gia ndogo yote inaishia kwenye breki. Diski ya bamba moja inapoa polepole, pedi (vipande vinavyobana diski) zinaanza kuteleza, mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu yanachemka na unakanyaga upepo. Hapo diski yenye njia za hewa ina maana kweli. Ila hata kwenye joto kuna hatua ya bei rahisi kabla: mafuta mapya ya DOT 4 (DOT ni daraja linaloandikwa kwenye chupa ya mafuta ya breki) yanachemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 ni 205, na yakishanyonya maji yanashuka mpaka 155 na 140. Kuyabadili kila baada ya mwaka au miwili ni hela ndogo, na pedi nzuri za kuhimili joto nazo sio mtaji.

Sasa kwa anayetaka kwenda mbele, njia maarufu kuliko zote ni kalipa za Toyota Hilux 4x4 za miaka ya 80, pistoni nne, na zinakaa kwenye matundu ya boliti yaleyale ya Datsun, unakata tu kidogo bati la vumbi nyuma ya diski. Kalipa ile pana, ya diski zenye njia za hewa, inataka diski za Nissan 300ZX na spesa (bamba la kuziba nafasi). Mi naipenda hii njia kwa sababu ambayo watetezi wake hawaisemi sana, spea. Sili na pistoni za Hilux huku kwetu sio za kutafuta na tochi, wakati za Sumitomo ya zamani utasubiri mzigo. Nissan wenyewe walikuwa na kalipa zao za mashindano za pistoni nne, MK63, ila bei zake leo ni za wakusanyaji, tuachane nazo.

Wanapokosea wengi ni kufunga kalipa na kuondoka. Pistoni zenye eneo kubwa zinataka mafuta mengi zaidi, kwahiyo pedali inakuwa ndefu na laini, na ndo maana watu wanaweka masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali) ya 280ZX, Datsun iliyokuja baadaye, ya inchi 15/16 badala ya 7/8. Inasukuma mafuta asilimia 15 zaidi kwa kila mkanyago, pedali inakuwa ngumu, mtu anafurahi anadhani breki zimeongezeka nguvu, kumbe kwa mguu uleule presha imepungua kama asilimia 13. Ukiruka mpaka ya inchi moja inapungua karibu robo. Pedali ngumu sio breki kali, ni vitu viwili tofauti.

Wanaofunga diski nyuma ndo kabisa siwaelewi. Ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki na kazi ndogo, na gari hii ni fupi, futi saba na nusu tu kati ya ekseli na ekseli. Kalipa kubwa nyuma bila vali ya kugawa presha ni njia ya haraka ya kugeuza gari itazame ulikotoka, hasa mvua ikinyesha. Na breki ya mkono kwenye hizo seti mara nyingi inakuwa dhaifu kuliko ya dramu, zingine hazina kabisa. Faida ipo, dramu ikijaa maji au tope inachelewa kukauka, na anayekimbia rali za vumbi ana haki ya kutaka diski. Wa kwenda kuoga jua Jumapili, hapana.

Kuna na suala la thamani. Januari 2020 240Z ya 1971 iliyotembea kidogo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000, gari ya namna hiyo ukiigusa umeiharibu. Na ukitaka kukimbia mbio zinazofuata kanuni za FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) za magari ya kale, Appendix K, gari inatakiwa iwe kama ilivyoidhinishwa kwa mashindano enzi zake, kwahiyo Hilux kwaheri. Gari nyingi lakini haziko huko, zina rangi ya tatu na injini ya 280Z ndani, kuzililia uasili ni kujisumbua, bora uhifadhi kalipa za zamani kwenye boksi na usikate kitu kisichorudishika.

Aliyeweka injini ya turbo au anayeenda kwenye uwanja wa mbio kila mwezi afunge mbele, na masta silinda, na vali ya kugawa presha, vyote pamoja. Alafu kabla hajaipeleka barabarani arudi pale sehemu tupu akanyage tena, mtu mwingine asimame pembeni aangalie tairi zipi zinajamu kwanza. Zikiwa za nyuma, gari irudi kwa fundi juu ya lori.