Matofali ya vumbi la mbao: unanunua kuni au unanunua ukavu?

Mwenye jiko la kuni sebuleni ana hesabu moja inayomrudia kila baridi ikikaribia: lundo lililoko nje litamvusha, au litamwishia katikati ya njia? Akiona halitoshi, jibu analokutana nalo siku hizi limefungwa plastiki na kupangwa kwenye paleti. Ni matofali ya mbao. Wanaoyauza husema yana joto kuliko kuni, hayana magome wala wadudu, na hayahitaji shoka. Wanaoyapinga, wengi wao watu waliozoea kuchanja kuni zao wenyewe, husema ni taka za kiwandani zilizopewa umbo ili ziuzwe. Nimechoma vyote viwili, na naona ubishi huu umekaa mahali pasipo pake.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Sizungumzii briketi za vumbi la mkaa. Haya ni vumbi la mbao na maranda kutoka kwenye misumeno na karakana za samani, yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 au pungufu, kisha yakashindiliwa kwa mashine yenye nguvu nyingi. Gundi haihitajiki. Mti wenyewe una lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi zake. Ikibanwa na kupata joto hulainika, ikipoa hukamata. Tofali lililobanwa vizuri ni zito kuliko maji: litie kwenye ndoo, litazama. Liache humo kidogo, litavimba na kurudi kuwa unga. Ndoo hiyo moja imekwisha kukuonyesha sifa yake kubwa na udhaifu wake mkubwa.

Sasa joto. Kilo moja ya mbao isiyo na maji kabisa ina takriban kilowati-saa 5.2, na kwa kilo, mti mmoja haupishani sana na mwingine. Mwaloni unasifiwa kwa sababu ni mzito, gogo lake moja lina kilo nyingi, wala si kwa sababu kilo yake ina moto wa ajabu. Kinacholeta tofauti ya kweli ni maji. Kuni zenye unyevu wa asilimia 20, yaani zilizokauka sawasawa, hutoa kama kilowati-saa 4 kwa kilo. Tofali lenye asilimia 8 hutoa kama 4.7. Hiyo ni nyongeza isiyofika hata theluthi moja. Ukisoma tangazo linaloahidi joto maradufu kwa kilo, jua wamelinganisha na kuni mbichi bila kukwambia. Maana hapo ndipo pengo linapofunguka: kuni za unyevu wa asilimia 40 hutoa kama 2.8 tu. Karibu nusu ya uzito ulioubeba mgongoni ni maji, na sehemu ya moto wa ile mbao iliyobaki inatumika kuyageuza mvuke unaotokea dohani.

Kwa hiyo anayenunua matofali hanunui mbao bora. Ananunua ukavu. Kama kuni zako tayari ni kavu, unalipia kitu ulichonacho.

Hesabu ya ujazo nayo ina mtego wake. Marekani, ambako kuni huuzwa kwa lundo la kipimo cha mita za ujazo 3.6 hivi, wauzaji hupenda kusema tani moja ya matofali ni sawa na lundo zima. Kwa msonobari mwepesi kauli hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa mwaloni mkavu, tani hiyo hufika kama theluthi mbili tu ya joto la lundo. Hajadanganya mtu, amechagua mti unaomfaa. Ulinganisho wa haki ni kugawa bei kwa kilowati-saa: kilo za matofali mara 4.7, kilo za kuni kavu mara 4. Kama kuni unauziwa kwa ujazo, mita moja ya ujazo iliyopangwa ina kama kilowati-saa 1,500 kwa msonobari na 2,000 kwa mwaloni zikiwa kavu. Matofali ya nafasi hiyohiyo yanazidi 4,000. Mwenye nyumba ndogo isiyo na ua asihitaji kusikia zaidi ya hapo.

Ubishi mkali zaidi ni wa kuchanganya. Wengi hununua matofali kwa nia moja: kuyatia jikoni pamoja na kuni ambazo bado hazijakauka, ili moto mmoja ubebe mwingine. Hebu tuwatendee haki, kwa sababu hesabu inawaunga mkono zaidi ya wakosoaji wao wanavyokubali. Gogo la kilo 3 lenye unyevu wa asilimia 40 lina maji kilo 1.2. Kuyageuza mvuke kunakula kama kilowati-saa 0.8, na tofali moja la kilo lina karibu mara sita ya hizo. Moto hauzimiki, chumba kinapata joto.

Shida haiko chumbani, iko juu ya dari. Moshi wa kuni mbichi umejaa mvuke na gesi zisizoungua, na ukipanda ukapoa chini ya nyuzi 120 hivi, huacha kreosoti, ile lami nyeusi inayong'aa ndani ya dohani. Lami hiyo inawaka. Tofali hupandisha joto la jiko na kuupunguza uchafu huo, lakini haliuondoi, na baya zaidi humfanya mtu aone moto wake ni mzuri asiutilie shaka. Gogo bichi likichomwa peke yake hulalamika: linafuka, linatoa povu kwenye ncha zake, kioo kinakuwa cheusi. Ukilitia tofali pembeni umelinyamazisha. Mimi napenda kuni zinazolalamika.

Upande wa pili wa hatari haupewi uzito unaostahili. Matofali ni makavu na yamepangika, na mtu aliyezoea kujaza jiko kwa kuni akijaza matofali kwa macho yaleyale, ametia kilo mara mbili na zaidi. Yakishapata moto huvimba, nyufa hufunguka, hewa hupenya, na jiko linawaka kupita kiasi lilichoundiwa. Mabamba ya chuma yanapinda, vigae vya ndani vinapasuka, vishikizo vya mlango vinalegea. Anza na matofali mawili au matatu, acha nafasi ya kuvimba, na punguza hewa mapema kuliko ungefanya kwa kuni. Mpangilio nao unatawala: yakibanwa pamoja bila mwanya, kama ukuta, huungua taratibu kwa saa nyingi, yakiachana, huwaka kama karatasi. Na usiyachokoe. Tofali linaloungua likichokolewa hubomoka kuwa unga unaowaka kwa pamoja, na moto uliokuwa wa usiku kucha unakwisha kabla hujalala.

Sifa za usafi zina ukweli: mbao tupu huacha majivu chini ya asilimia 1 ya uzito, na wadudu wa magomeni hawaingii sebuleni. Lakini usafi huo unategemea kilichoingia mashinani. Masalia ya mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa, au ya mbao za gundi, yakishindiliwa yanaonekana tofali kama lolote. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 17225-3, kinachoyapanga katika madaraja ya A1, A2 na B. Mfuko usiotaja daraja wala chanzo nauacha dukani. Vilevile yako magogo ya kutengenezwa yaliyochanganywa na nta, yanayokusudiwa moto wa wazi. Hayo si ndugu wa haya, na mara nyingi maelekezo ya jiko la kufungwa huyakataza.

Hoja ya mazingira sitaikalia sana. Ni kweli vumbi lingetupwa au kutumiwa kwingine, na ni kweli kuni kavu au tofali kavu hutoa chembe chache za moshi kuliko kuni mbichi. Lakini kukausha na kusafirisha kunakula nishati, na mti ulioanguka umbali wa hatua mia kutoka mlangoni hauhitaji lori.

Kilicho kizito zaidi kwangu ni utegemezi. Vumbi la mbao ni mtoto wa biashara ya mbao: ujenzi ukilala, misumeno inalala, matofali yanaadimika. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mbao za Urusi mwaka 2022, waliojenga mazoea ya kununua kila mwezi wa baridi waligundua kwamba ghala lao kumbe lilikuwa nchi nyingine. Mwenye kuni nje hakuwa na haja ya kufuata habari hizo.

Hata hivyo wapinzani wa matofali wanasahau jambo moja wanalolijua kuliko yeyote: kuni hazikauki kwa kuombwa. Nyingi zinataka mwaka mmoja au miwili baada ya kuchanjwa, na mwaloni mara nyingi zaidi. Wanaonunua shehena kubwa kwa bei ya chini huletewa mbichi, na rahisi hapo inageuka ghali. Uingereza, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa chini ya mita 2 za ujazo sharti ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Zaidi ya hapo muuzaji anaruhusiwa kuuza mbichi mradi amweleze mnunuzi namna ya kuzikausha. Sheria imekiri kwamba kazi ya kusubiri ni ya mwenye nyumba.

Na matofali yanafaa hasa kwa kusubiri huko. Anayeyatia kando ya gogo bichi anaponda lundo lake la mwaka ujao ili kuokoa mfuko mmoja leo. Anayechoma matofali peke yake kwa wiki sita, na kuni akaziachia upepo, anaingia baridi inayofuata na kuni kavu ambazo hatalazimika kuzisindikiza na tofali lolote. Ukifika mwaka wa tatu akiwa bado ananunua paleti nzima, lundo lake ni dogo au limepangwa vibaya.

Kabla ya kuagiza, chukua gogo katikati ya lundo, lichanje, na uchome sindano za kipima unyevu kwenye uso uliofunguka sasa hivi, si kwenye ncha iliyopigwa jua. Ujue pia kwamba vipima vingi vya mkononi hulinganisha maji na mbao kavu peke yake, si na uzito wa gogo zima kama asilimia za hapo juu, hivyo 25 ya kipima ndiyo 20 ya kanuni. Kwangu kila safu ina kibao chenye mwezi na mwaka niliyoipanga. Safu ikiwa haijafikisha miezi kumi na minane, nahesabu matofali ya wiki ambazo ingechomwa, naagiza hayo tu, na safu siigusi.