Nani Alituruhusu Kumwambia Mtoto Aiache Hisabati?

Jumamosi iliyopita nilihudhuria kikao cha wazazi wa Kidato cha Tatu kwa niaba ya kaka yangu, ambaye kazi ya udereva wa malori humweka barabarani karibu mwezi mzima. Shule yenyewe ipo hapa Moshi na sitaitaja, kwa sababu ninalotaka kulisema si la shule hiyo peke yake. Matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili yalikuwa yamebandikwa ukutani, na kando yake kulikuwa na karatasi nyingine, iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya wanafunzi waliopata F katika hisabati. Mwalimu wa taaluma alitueleza, kwa upole na bila kificho, kwamba watoto hao hawatasumbuliwa tena na somo hilo: watakaa darasani, lakini vipindi vya hisabati watavitumia kujisomea masomo mengine, kwa kuwa daraja la Kidato cha Nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na wao wanasoma tisa.

Wazazi wengi waliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alisema, "Afadhali hivyo, Mwalimu, maana hata mimi lilinishinda." Jina la binti wa kaka yangu lilikuwa la kumi na moja katika ile karatasi. Ana miaka 15.

Nilinyoosha mkono nikauliza ni mada gani zilizowashinda watoto hawa. Jibu likawa kwamba matokeo huja na herufi tu, hayaji na mada. Nikauliza tena kama kuna mwalimu aliyekaa na mmoja wao, hata mmoja, akamtazama anavyokokotoa. Nikaambiwa, "Mama, tuna silabasi ya kumaliza." Kikao kikahamia kwenye mchango wa chakula.

Jioni ile nilimwita binti mezani, nikamwandikia swali moja la aljebra: *x* gawanya kwa 3, jumlisha *x* gawanya kwa 4, jawabu ni 14, tafuta *x*. Hakusita. Aliandika kwamba *x* juu ya 3 na *x* juu ya 4 zikijumlishwa zinakuwa 2*x* juu ya 7. Kisha akazidisha pande zote mbili kwa 7, akapata 2*x* ni sawa na 98, akagawanya kwa 2, akapata 49, akapiga mstari chini ya jibu lake kwa rula. Jibu sahihi ni 24. Lakini hebu tazama alichokifanya baada ya ule mstari wa kwanza: kila hatua ni safi. Anajua kwamba pande mbili za mlinganyo hutendewa sawa, anajua kuliondoa asili, anajua kuiacha *x* peke yake. Aljebra ya sekondari, ile ambayo karatasi ya ukutani inasema imemshinda, anaiweza. Kilichomwangusha ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, jambo la shule ya msingi, na hakuna mtu aliyegundua kwa sababu kalamu nyekundu ilipofika kwenye 49 iliweka mkasi na kuendelea na daftari linalofuata.

Nikamuuliza kwa nini hakutafuta LCM ya 3 na 4. Akaniambia, "Shangazi, hiyo LCM sikuielewa tangu Kidato cha Kwanza." Nikamuuliza tena, safari hii kwa maneno ya shule ya msingi: kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS, cha 3 na 4 ni ngapi? Akajibu 12 kabla sijamaliza kuuliza. Kisha akanyamaza, akanitazama, akasema, "Kwani KDS ndiyo LCM?"

Nimekuwa nikiifikiria sauti yake hiyo tangu siku ile. Miaka miwili amekaa darasani akiamini kwamba kuna kitu kigeni asichokijua, kumbe alikuja nacho mwenyewe kutoka shule ya msingi, kimebadilishwa jina tu.

Babu yangu alikuwa na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, huko Kibosho, na siku ya zamu yake ya maji ya mfongo, mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani, sisi wajukuu tuliamshwa alfajiri. Ikitokea maji hayakufika, babu hakuanza kuchimba katikati ya migomba yake. Alichukua jembe na kupanda juu akiufuata mfongo, hatua kwa hatua, akipita vihamba vya majirani, mpaka afike mahali fuko alipotoboa ukingo au jiwe lilipoporomoka, na hapo ndipo alipofanya kazi. Hisabati ni mfongo. Somo la historia linaweza kukuhurumia: usipoelewa mada moja ya Kidato cha Kwanza, bado unaweza kusoma nyingine ya Kidato cha Tatu na ukaifanya vizuri. Hisabati haina huruma hiyo. Logi za Kidato cha Pili zimesimama juu ya vipeo, na trigonometria imesimama juu ya uwiano. Mada ya uwezekano ya Kidato cha Nne, kwa sehemu kubwa, ni kujumlisha na kuzidisha sehemu, na matriksi humnyima jibu kila asiyejua kutoa namba hasi kutoka kwa namba hasi. Mtoto ambaye ukingo wake ulibomoka darasa la tano atakauka Kidato cha Nne, na tukimwangalia huko chini alikokauka tutasema hana kichwa cha hisabati.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Utaratibu wetu humpandisha mtoto kwa kalenda. Mwezi wa kwanza anafunguliwa mada hii, mwezi wa pili ile, na swali kama ameielewa ya kwanza halizuii ya pili kuanza. Anayeshindwa upimaji wa Kidato cha Pili kwa ujumla hurudia darasa, lakini anayeshindwa hisabati peke yake huendelea kama kawaida, na shimo lake anakwenda nalo. Hapewi mwezi mmoja, wala saa moja kwa wiki, ya kurudi nyuma. Upimaji ambao ungepaswa kutuonyesha ukingo ulipobomoka tumeugeuza kuwa muhuri wa kumgongea mtoto usoni, na sasa, kama nilivyoshuhudia, kuwa sababu ya kumfungia maji kabisa.

Matokeo yake yapo wazi kwa kila anayetaka kuyaona. Kuanzia 2015 hadi 2024 ufaulu wa hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne haukufika asilimia 30 hata mwaka mmoja. 2022 ulikuwa kama asilimia 20, na 2023 ulipopanda hadi kama asilimia 25 tulipongezana. Yaani kati ya watoto wanne wanaoingia kwenye chumba cha mtihani, watatu wanatoka na F. Hakuna somo jingine ambalo tungelivumilia hivyo. Kila mwaka Baraza la Mitihani huchapisha uchambuzi wa namna watahiniwa walivyojibu, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mabaya yenyewe. Ningependa kujua ni shule ngapi za mkoa huu huufungua uchambuzi huo na kuusoma pamoja na walimu wa Kidato cha Kwanza, ambako makosa hayo huanzia.

Nitaambiwa si kila mtoto atakuwa mhandisi. Sawa, nakubali. Binti huyu anataka kuwa muuguzi na huenda asikutane na matriksi tena maishani mwake. Lakini tusiseme kana kwamba tunachomnyima ni matriksi. F maana yake ni chini ya alama 30 katika 100. Sehemu A ya mtihani ule ina maswali 10 yenye alama 6 kila moja, kwa hiyo maswali matano tu ya sehemu hiyo, akiyafanya kwa ukamilifu, yanamtoa kwenye F, na mengi ya maswali hayo hujengwa juu ya mada za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Tunamnyima alama 30. Tena muuguzi anayegawa dozi kwa uzito wa mgonjwa anafanya hesabu za sehemu na uwiano, hizo hizo, na ningependa aliyenishikia sindano awe anazijua.

Nitaambiwa pia walimu wa hisabati ni wachache na madarasa yamejaa. Hilo nalikubali kwa shingo upande, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimeona mwalimu mmoja kijana akifundisha mikondo mitatu na kubeba madaftari kwa boda hadi nyumbani. Viboko navyo havijawahi kumfundisha mtu kujumlisha sehemu. Lugha ni tatizo kubwa, na KDS ni ushahidi wangu, ila lina mjadala wake na sitaugusa hapa zaidi ya kusema kwamba orodha ya maneno 100 ya hisabati, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, ingeweza kubandikwa kesho katika kila darasa la Kidato cha Kwanza.

Ninalolidai ni dogo, na halihitaji mwalimu mpya. Shule iweke kipindi kimoja cha hisabati kwa wiki saa ile ile kwa Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu, na katika kipindi hicho watoto wakae kwa kufuata walichokikosa, si kwa kufuata kidato chao. Aliyekwama kwenye sehemu aende chumba cha sehemu, awe wa Kidato cha Kwanza au cha Tatu, aliyekwama kwenye namba hasi aende huko, akishaweza, atoke. Waliokwishaweza wanaweza kusimamia kundi moja huku mwalimu akiwa na jingine. Kozi ya awali ya Kiingereza tunayowapa watoto wanapoingia sekondari iwe na pacha wake wa hisabati, wiki chache za kumpima kila mmoja kwa mdomo na kwa kalamu, ili tujue tangu mwanzo nani amekuja na ukingo uliobomoka.

Najua jambo hili linawezekana kwa sababu mimi nililifanyiwa. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilipata alama 11 katika jaribio la vipeo, na mwalimu wetu, Mungu amrehemu, aliwachukua wanafunzi wanane tuliokuwa mkiani, akawa anatukalisha kila Jumanne na Alhamisi baada ya kufagia uwanja, na kitabu alichokuja nacho hakikuwa cha sekondari. Kilikuwa cha darasa la sita. Tuliona aibu siku ya kwanza. Siku ya tatu niligundua kwamba sikuwa nimeielewa MAGAZIJUTO, ule utaratibu wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, hata siku moja. Nilikuwa nikijumlisha kwanza kwa sababu alama ya kujumlisha ndiyo iliyotangulia. Ilituchukua wiki tano. Leo ninafunga hesabu za ushirika wa wakulima wa kahawa kila mwisho wa msimu, na wanachama hulipwa kwa tarakimu ninazoziandika mimi.

Nimemwandikia mkuu wa shule barua, ukurasa mmoja na nusu, nikiomba binti wa kaka yangu aondolewe kwenye ile orodha na arudishwe kwenye kipindi, na nikajitolea kukaa na wenzake wote wa orodha ile kila Jumamosi asubuhi endapo nitapewa chumba na ubao. Bado sijajibiwa. Wakati nikisubiri, tunakaa mezani. Jumapili alirudia lile swali la *x* bila mimi kumwambia, akapata 24, kisha akairudisha 24 kwenye swali kuhakiki: 8 na 6, 14. Akaligeuza daftari na kulisukuma upande wangu, akaomba jingine lenye asili kubwa zaidi. Nimempa la 8 na 12. Tukimaliza hapo tunaanza namba hasi.