Dola 200 kwa sauti ya "umepata barua", alidhulumiwa au la?

Waliotazama ile filamu ya 1998 ya Tom Hanks na Meg Ryan, You've Got Mail, wanaijua sauti ya mwanaume inayokwambia umepata barua, yaani barua pepe. Haikutungwa kwa ajili ya filamu, ilikuwa tangu 1989 ndani ya programu ya AOL, kampuni ya Marekani ya kuwaunganisha watu na intaneti, na mwenye sauti aliitwa Elwood Edwards, mtu wa redio na televisheni, akafariki Novemba 2024 siku moja tu kabla ya kutimiza miaka 75. Alilipwa dola 200.

Ilivyokuwa ni hivi, mkewe alikuwa anafanya kazi kwa hiyo kampuni, wakati huo bado inaitwa Quantum Computer Services, akamsikia Steve Case, mmoja wa wakubwa wa kampuni, akisema anataka kuweka sauti kwenye programu, akamtaja mumewe. Jamaa akakaa sebuleni kwake na redio kaseti akarekodi vijisentensi vinne, yaani karibu, umepata barua, faili limekwisha na kwaheri. Kazi kwisha.

Ukimsimulia mtu hii stori atakwambia palepale huyu kaibiwa, na hiyo hasira naielewa kabisa, maana AOL ilikuja kuwa na wateja zaidi ya milioni 20 na kila mtu akiingia anakaribishwa na sauti ya Edwards, Hollywood nao wakachukua maneno yaleyale wakayafanya jina la filamu, alafu mwenye sauti uzeeni anaonekana anaendesha Uber huko Ohio na abiria wanamuomba aseme ile sentensi.

Lakini tuseme ukweli pia. 1989 hakuna aliyejua hiyo kampuni itafika wapi, ingekufa mwaka uliofuata Edwards angebaki na dola zake 200 na hakuna ambaye angemdai. Na watu hawakupenda sauti peke yake, walipenda kilichokuja nayo, modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti, inakwaruza kwenye laini ya simu weee, inapiga kelele mpaka unachoka, kisha kimya, kisha mtu anakukaribisha kwa upole na kukwambia kuna mtu amekuandikia. Siku hizo barua pepe nyingi zilitoka kwa mtu kweli, siyo benki wala matangazo.

Rafiki yangu mmoja tukibishana haya akaniambia fundi akishajenga nyumba na akalipwa hadai kodi kwa wapangaji. Hoja nzuri, nimeiwaza sana. Ila nyumba haina uso wa fundi, na sauti ni kitu cha mwilini mwa mtu, hata akiwa supamaketi akisema naomba mkate watu wanageuka. Kwa hiyo mimi naona siku ile hakuibiwa, bei ilikuwa ya haki kwa walichokijua wote wawili. Kosa ni la baadaye, pale kampuni ilipoona sauti imekuwa sura yake. Hapo ungwana ulitaka wamrudie wakae naye mezani upya, hata kama karatasi haiwalazimishi.

Na si mambo ya Marekani tu. Hapa Kenya ile sauti ya mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa imeingia mpaka kwenye lugha, mtu anakwambia nimempigia ni mteja, na kila mtu anaelewa.

Baada ya Edwards mambo yamekuwa magumu zaidi. Susan Bennett alirekodi sentensi chungu nzima 2005 kwa kampuni ya sauti, kisha 2011 akaandikiwa na mwenzake wa kazi akiulizwa, hii siyo sauti yako kwenye iPhone mpya? Ilikuwa Siri, yule msaidizi wa sauti ndani ya iPhone, na hakuwa ameambiwa. Edwards angalau alijua ameuza maneno gani, leo dakika chache za sauti yako zinatosha kompyuta kukusemesha maneno ambayo hujawahi kuyasema. Kwa hiyo ukiitwa studio kurekodi sauti ya simu au ya tangazo, kabla ya kuuliza bei uliza itatumika wapi, kwa miaka mingapi, na kama wataruhusiwa kuunda maneno mengine kutoka kwayo, na wakuandikie.