Kapasita Moja Isiponze Pawa Saplai Nzima

Kompyuta yangu ya kubebeka, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitoa moshi mzito wenye harufu kali dakika chache tu baada ya kuchomekwa kwenye umeme, na wengi niliowasimulia walinishauri niing'oe pawa saplai yote, yaani sehemu inayobadili umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, na kuweka moduli mpya ya pawa saplai ndani ya kasha lilelile. Niliukataa ushauri huo, kwa sababu kilichoungua kilikuwa kipuri kimoja kidogo.

Kipuri chenyewe ni kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda) ya karatasi, iliyounganishwa kati ya nyaya mbili za umeme, palepale unapoingia kwenye mashine, ili kelele za umeme za pawa saplai zisirudi kwenye nyaya za nyumba na kuvuruga redio. Hufunikwa kwa plastiki angavu ya rangi ya asali. Miaka inavyopita plastiki hiyo hupata nyufa, karatasi iliyo ndani hunyonya unyevunyevu wa hewa, na siku umeme unapowashwa tena karatasi hupata joto na kuungua. Fyuzi isipokatika, kompyuta yaweza kuendelea kufanya kazi katikati ya moshi huo, maana kapasita hii haishiriki katika kutengeneza volti 5 na volti 12 zinazoendesha saketi. Kwa hiyo moshi peke yake si ushahidi kwamba pawa saplai imekufa.

Mashine kama Osborne 1 ya mwaka 1981, yenye uzito wa karibu kilo 11, zilibebwa kwa mpini lakini zilitegemea umeme wa ukutani, na pawa saplai yake ilisanifiwa pamoja na skrini na diski zilizobanana ndani ya kasha moja. Baadhi ya kompyuta za enzi hiyo huhitaji pia volti hasi, ambazo moduli nyingi za sasa hazitoi. Anayeing'oa pawa saplai hiyo huharibu kazi ya usanifu ambayo hairudishiki.

Kapasita mpya, hata hivyo, haichaguliwi kiholela. Iliyo kati ya nyaya mbili za umeme lazima iwe ya daraja la usalama la X2, yenye maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) zilezile na volti zisizopungua za awali. Mimi niliweka ya plastiki ya polipropilini ya volti 275 mahali pa ile ya 250. Kapasita zinazoelekea kwenye waya wa ardhi ni za daraja la usalama la Y, na hapo sikubali mbadala wowote, kwa kuwa ikishoti moja tu kasha la chuma laweza kuwa na umeme. Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi, kisha pima kapasita kubwa ya kuhifadhi chaji, ambayo kwenye umeme wa volti 230 hufikia takribani volti 325. Iondoe chaji kwa rezista (kipuri kinachozuia mkondo wa umeme usipite kwa wingi), kamwe si kwa bisibisi.

Wapo wanaotaka kila kipuri cha asili kibaki mahali pake. Nawaheshimu, lakini kapasita yenye nyufa ni hatari ya moto, nami nimeihifadhi ile ya zamani ndani ya bahasha yenye tarehe. Kapasita ya pili ya aina hiyo, ambayo haikuwa imeungua, niliikagua kwa lenzi, nikaona nyufa, nikaibadilisha pia. Kisha niliunganisha diski ili pawa saplai iwe na mzigo, kwa sababu za aina hii hazipimiki vizuri zikiwa tupu, na mita ikasoma volti 5 bila kuyumba.