Sungusungu hawakuwa na tairi

Kibaka akivishwa tairi na kuchomwa moto, iwe Dar es Salaam au Mwanza, gazeti la kesho yake huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Haipiti siku mbili kabla hajatokea mtu wa kueleza kwamba tabia hii tumeirithi kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa Usukumani na Unyamwezini, kwamba wao ndio waliotufundisha kujichukulia sheria mkononi. Maelezo hayo yamezoeleka, na naona yanawaonea wazee wetu.

Turudi miaka ya mwanzo ya 1980, mpakani mwa Shinyanga na Tabora. Vita vya Kagera vimekwisha mwaka 1979, bunduki zimezagaa, na mwizi wa ng'ombe haji tena na fimbo. Polisi wako wilayani, gari ni moja, na mara nyingi halina mafuta. Wanakijiji wakakaa, wakaapishana, wakachagua mtemi wao, katibu na makamanda, wakanunua filimbi. Mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka na upinde wake. Kijiji jirani kikisikia kinafunga njia, na cha tatu vilevile, hadi mwizi anakosa pa kupita. Wengine walijiita Wasalama. Jina lililoshika ni la wale chungu weusi wanaouma.

Filimbi ya baba yangu mkubwa ilikuwa ya bati, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, uzi wake mweusi kwa jasho. Sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa, kwa sababu kuipuliza bila sababu lilikuwa kosa, na faini yake angelipa yeye. Kumbukumbu hiyo hunirudia kila ninapoona video ya mtu akipiga kelele za "mwizi!" stendi, kisha akajichanganya na umati bila mtu yeyote kumuuliza ameibiwa nini. Mpuliza filimbi alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Alfajiri ikifika, alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwa nini aliwaamsha.

Mtuhumiwa akikamatwa, alikalishwa. Aliulizwa alikuwa wapi, nani amemwona, ng'ombe yule alama yake imefutwa na nani. Ndugu zake waliitwa. Huenda likapita juma zima. Sisemi kwamba maswali hayo yaliulizwa kwa upole. Watu walifungwa kamba, walichapwa, na wapo waliokufa kwa mishale na vipigo. Ila kati ya filimbi na hukumu palikuwa na muda, na ndani ya muda huo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusema, "Ngojeni, huyu jana alilala kwangu."

Hukumu ya kawaida ilikuwa faini ya ng'ombe. Aliyegoma kulipa alitengwa, na mtu wa mjini anaweza kuona hiyo ni adhabu nyepesi. Si nyepesi hata kidogo. Mkulima aliyetengwa hakopeshwi ng'ombe wa jembe wakati mvua imeshaanza. Mkewe akienda kwa jirani kuomba kaa la moto, harudi nalo. Kwenye pombe hakaribishwi, kwenye harusi haitwi, akisalimia haitikiwi. Mtoto wake akifa, anachimba kaburi mwenyewe. Nimewasikia wazee wakisema hakuna aliyemaliza msimu mmoja katika hali hiyo: ama alilipa, ama alihama. Ni adhabu ya kutisha, na nadhani ilitosha kwa sababu ilimnyima mtu kile ambacho hawezi kukinunua. Jambo ambalo wanaowalinganisha na wachoma tairi hawalioni ni hili: mtu aliyetengwa kimakosa anaweza kurudishwa. Kuna siku watu watakuja kwake, watamwomba radhi, watakula naye. Kijana aliyekufa kwenye lami ya Manzese, Dar es Salaam, hana siku hiyo.

Watu wa sheria wana hoja yao, na ni nzito. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kosa kuthibitishwa. Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu na kumpeleka polisi. Kumtoza ng'ombe haimruhusu. Mahakama zilianza kuwatia hatiani viongozi wa sungusungu, na kisheria zilikuwa sahihi. Mwalimu Nyerere na chama tawala wakasimama upande wa wanakijiji, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili sungusungu wapewe mamlaka ya kukamata. Baadhi ya wanasheria waliona dola imesalimu amri. Lakini mwanakijiji wa Shinyanga alikuwa na sababu ya kutoyaamini macho ya dola. Katikati ya miaka ya 1970, katika msako wa wauaji wa vikongwe, watuhumiwa waliteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya serikali yenyewe, hata Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Kumwambia mtu huyo "mpeleke mtuhumiwa polisi atendewe haki" kulihitaji ujasiri.

Leo hali imebadilika, lakini si sana. Unaibiwa, unakwenda kituoni kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, unaambiwa uchangie mafuta ya gari. Mtuhumiwa anakamatwa, kesho kutwa mnapishana naye dukani. Ana dhamana, ni haki yake, ila hakuna aliyekueleza. Unaitwa mahakamani, unaacha biashara, unalipa nauli, unasikia "upelelezi haujakamilika". Mara ya nne huendi tena, na kesi inafutwa kwa kukosa shahidi. Siku kelele za mwizi zitakapopigwa mtaani kwako, mkono wako utakuwa na jiwe kabla hujafikiri. Naielewa hasira hiyo. Siwezi kuiita haki.

Oktoba 2016, watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino kuchukua sampuli za udongo. Ukaenea uvumi kwamba ni wanyonya damu. Watatu wakauawa na miili yao ikachomwa. Hapo ni kijijini, si mjini, kwa hiyo siwezi kusema kijiji kina busara ambayo mji hauna. Kilichokosekana ni ule muda wa kumkalisha mgeni chini na kumuuliza mifuko hii ya udongo ni ya nini.

Hata hivyo muda peke yake hauponyi kila kitu, na hapa ndipo upande wa pili unaponibana. Sungusungu haohao waliojua kumhoji mwizi wa ng'ombe kwa subira waliwatafuta pia wachawi, na huko hapakuwa na alama ya ng'ombe wala nyayo za kufuata. Zilipigwa kura za siri, kila mtu akiandika jina la anayemshuku. Vikongwe wenye macho mekundu, yaliyokula moshi wa jikoni miaka hamsini, walitajwa na majirani waliowapikia kwenye misiba.

Kijijini kwa baba mkubwa alikuwepo mjane mmoja aliyekuwa akitugawia karanga tukipita kwake. Jina lake lilitoka kwenye kura. Hakupigwa, alitengwa, na kabla ya mavuno akaondoka usiku, mihogo yake ikabaki shambani. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza baba mkubwa kama alimwandika. Alikaa kimya muda mrefu.

"Karatasi zilihesabiwa," alisema. "Sasa mwanangu, ningepuliza filimbi nimwite nani?"